Duara la Saba

Kinu cha karatasi kilipokuwa kikipumua
mji mzima ulinuka kabichi iliyooza,
nasi tukiwaambia wageni: hiyo ndiyo harufu ya mshahara.
Sasa hewa ni safi.
Sijakutana na anayeishukuru.

Reijo Hiltula, miaka hamsini na minane,
fundi wa mashine namba nne tangu ujana.
Faili lake lilinifikia Novemba, jembamba;
daktari kaandika neno moja na kipimo cha vidonge.
Sonona.
Litamke polepole: so-no-na.
Halipigi kelele. Linaguna tu puani
kama jokofu katika nyumba iliyohamwa.

Niligonga, hakufungua. Nikarudi Alhamisi,
hakufungua. Nikapenyeza kikaratasi:
Ni Tuulikki, wa ustawi wa jamii.
Sikuja kukuchukua, wala kukuhubiria.
Alhamisi ya tatu nilikuta mlango umeegeshwa,
upana wa kiganja.

Alihamia chumba cha kuvulia nguo, kando ya sauna
(chumba kidogo, kuni chache),
nyumba yote iliyobaki ameiachia baridi.
Barua za benki zimo ndani ya sanduku la mkate,
hazijafunguliwa, ila zimepangwa kwa tarehe.
Nikaziweka moyoni hizo tarehe.
Mtu anayepanga barua kwa tarehe
hajazimika kabisa.

Fomu yangu ina maswali tisa.
Unalala? Unakula? Umewahi kutamani usiamke?
Hilo la mwisho siliulizi nikitazama karatasi.
Namtazama yeye, nauliza kwa maneno makavu, nangoja.
Akasema: Kutamani, ndiyo. Kupanga, hapana.
Akasema: Bunduki ya kuwindia nimempa Kauko anitunzie.
Nikaandika. Mkono ulitetemeka; nikaisingizia baridi.

Kisha nikaigeuza fomu, nyuma nikachora duara.
Huyu wewe.
Pembeni, Sirkka, aliyehamia Oulu kwa binti yao:
mstari wa nukta nukta.
Kinu: mstari uliokatwa.
Benki: mstari wenye meno.
Daktari: kilomita tisini, basi moja kwa siku.
Chama cha wafanyakazi. Hapo akacheka,
kicheko cha kwanza, kikavu mithili ya kikohozi.
Kauko.
Nikachora la saba, nikaliacha tupu.

La nani hilo?
Sijui, nikamjibu. Mji ni wako.

Wapo wasemao maradhi haya yamo kichwani.
Huenda. Mimi nilikuwa nimeshika ile karatasi:
mtu mmoja katikati, na mistari karibu yote
inavuta kwenda nje.
Vidonge meza, nilimwambia, usiruke hata siku.
Lakini kidonge hakijui namba ya simu ya benki.
Tukaipiga sisi. Dakika arobaini tukisikilizishwa kinanda
kabla mtu hajapokea,
na katikati ya kinanda Reijo akainuka
akamimina kahawa, vikombe viwili.

Desemba jua halikuchomoza kabisa.
Alhamisi mbili hatukusema kitu. Nilikaa tu.
Kwenye ripoti nikaandika "mazungumzo".

Januari nililalamika, kama mtu anayesema na dirisha,
kwamba njia ya bibi Impi, jirani, imezikwa na theluji,
na muuguzi anashindwa kuufikia mlango wake.
Sikumtuma Reijo. Nililalamika tu.
Alhamisi iliyofuata njia ilikuwa imechimbwa,
nyembamba, mwishoni imepinda,
kana kwamba mchimbaji alichoka, au alilia,
au vyote viwili.

Hajapona. Tuelewane.
Bado analala saa tatu, bado barua zinaingia,
na kuna asubuhi mlango haufunguki.
Ila ile karatasi aliipigilia ukutani, juu ya ndoo ya maji,
na ndani ya duara la saba, kwa penseli ya ufundi,
herufi kubwa, zilizonyooka:
BELESHI.

Nilitaka kumwambia kwamba duara ni la watu.
Nikanywa kahawa yangu.